Kodi huchukua, ruzuku hurudisha: Mfuko wa kaya ndio unaoamua soko

MFANYABIASHARA anayepanga kununua mzigo kwa kuangalia bei ya jumla peke yake huwa ameona nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili imo mfukoni mwa mteja: kiasi gani kimebaki baada ya makato ya mshahara, tozo na kodi zilizojificha ndani ya bei, na kiasi gani kimeongezwa na ruzuku, pensheni au malipo ya TASAF.

Uzoefu wa Tanzania katika kipindi cha zaidi ya miaka ishirini unaonyesha kuwa kodi na misaada ya serikali hazigusi kiasi cha fedha tu. Hubadilisha pia mwenendo wa watu: namna wanavyotuma fedha, wanavyoweka hesabu za duka, wanavyochagua nishati ya kupikia na hata uamuzi wa kumpeleka mtoto kliniki. Mabadiliko hayo humfikia mwenye duka mapema, wakati mwingine wiki chache tu baada ya Bunge kupitisha Sheria ya Fedha.

Mshahara wa karatasi na mshahara wa mkononi

Mfano wa karibu ni nyongeza ya kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma. Siku ya Mei Mosi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kima hicho kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai mwaka huo, sawa na asilimia 35.1. Katika masoko mengi hesabu iliyopigwa haraka haraka ilikuwa ya shilingi 130,000 zaidi kwa kila mtumishi wa ngazi hiyo.

Hesabu ya mkononi ni tofauti. Mtumishi huyo hukatwa asilimia 5 kwa ajili ya mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF, huku mwajiri akichangia asilimia 15. Hukatwa pia asilimia 3 ya bima ya afya. Kodi ya mapato ya ajira hutozwa baada ya kuondoa mchango wa pensheni: shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi, na kinachozidi hapo hadi shilingi 520,000 hutozwa asilimia 8, kiwango kilichoshushwa kutoka asilimia 9 mwaka 2021.

Kwa viwango hivyo, mshahara wa shilingi 370,000 hukatwa shilingi 18,500 za pensheni, 11,100 za bima na 6,520 za kodi. Zinabaki shilingi 333,880. Mshahara wa shilingi 500,000 hukatwa 25,000, 15,000 na 16,400, zinabaki shilingi 443,600. Kwa maana hiyo, katika nyongeza ya shilingi 130,000, zilizoweza kufika sokoni ni shilingi 109,720. Hapo bado hayajahesabiwa marejesho ya mkopo wa benki wala wa saccos, ambayo kwa watumishi wengi ndiyo makato makubwa kuliko yote.

Ngazi inayofuata ni kali zaidi. Kipato kinachozidi shilingi 520,000 kwa mwezi huanza kutozwa asilimia 20. Mfanyakazi wa sekta binafsi anayelipwa shilingi 600,000 na kuchangia NSSF asilimia 10 tayari amevuka mstari huo. Akiongezwa shilingi 100,000, NSSF huchukua 10,000 na kodi 18,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi hukatwa pia, yaani shilingi 15,000 nyingine. Anapokea shilingi 57,000 tu.

Hapo ndipo mwenendo hubadilika. Baadhi ya waajiri wadogo na wafanyakazi wao hukubaliana kuandika mshahara mdogo kwenye karatasi na kulipana kingine pembeni. Mbali ya kuwa ni kuvunja sheria, mpango huo humwumiza mfanyakazi baadaye, kwa kuwa pensheni hukokotolewa kwa mshahara uliosajiliwa. Fedha anazodhani ameziokoa leo ni uzee wake anaoukopa.

Tozo ya miamala: somo la 2021

Hakuna kodi ya miaka ya karibuni iliyoonyesha haraka jinsi kaya zinavyojibu kama tozo ya miamala ya simu. Ilianza kukatwa Julai 15, 2021, ikiwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi cha fedha. Ilikatwa wakati wa kutuma na wakati wa kutoa, juu ya ada za kawaida za kampuni za simu. Kwa hiyo fedha aliyotumiwa mzazi kijijini iliguswa mara mbili kabla haijanunua kilo moja ya unga.

Nia ya serikali ilielezwa waziwazi: kupata fedha za kujenga vituo vya afya, madarasa na barabara za vijijini kwa kumgusa kila mtu kidogo kidogo. Tatizo lilikuwa kwamba kilichotozwa si kipato wala faida, bali mwendo wa fedha. Kijana wa Kariakoo anayemtumia mama yake fedha ya matibabu hakuwa amepata faida yoyote kwa kutuma.

Kaya zilijibu kwa njia zilizo wazi kwa kila aliyekuwa na kibanda cha uwakala. Waliokuwa wakituma mara nne kwa mwezi wakakusanya na kutuma mara moja. Wengine wakarudi kwenye bahasha za kupitishia kwa makondakta wa mabasi na jamaa wanaosafiri. Wenye maduka wakaanza tena kudai fedha taslimu, na wateja wakaacha kuweka akiba kwenye simu kwa kuwa kuitoa kuligharimu. Mawakala, ambao hulipwa kamisheni kwa kila muamala, waliona kipato chao kikipungua bila sheria kuwataja popote.

Serikali ilirudi nyuma kwa hatua. Septemba 2021 viwango vilipunguzwa kwa asilimia 30, na kiwango cha juu kikawa shilingi 7,000. Julai 2022 kiwango cha juu kilishushwa tena hadi shilingi 4,000, lakini wakati huohuo tozo ikapanuliwa na kuingia kwenye miamala ya benki. Malalamiko yaliyofuata yalisababisha baadhi ya miamala ya benki kuondolewa mwaka huohuo, na katika bajeti ya 2023/24 tozo ya kutuma fedha kwa simu ikafutwa.

Kwa mfanyabiashara somo ni hili: watu hukwepa kwa wepesi kodi iliyowekwa juu ya jambo linaloweza kufanyika kwa njia nyingine. Fedha taslimu ilikuwepo kabla ya simu, na ilikuwa tayari kurudi.

Anayetajwa na sheria na anayelipa

Agosti 2021 kodi ya majengo ilihamishiwa kwenye manunuzi ya umeme wa LUKU. Nyumba ya kawaida yenye mita moja ilianza kukatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, kiwango kilichopandishwa baadaye. Kisheria kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Kimatendo, anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na katika nyumba za kupanga za Dar es Salaam, Mwanza au Arusha mnunuzi wa umeme ni mpangaji. Ni wapangaji wachache walioweza kumwambia mwenye nyumba apunguze shilingi 1,000 kwenye kodi ya chumba.

Vivyo hivyo kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, iliyoanza Tanzania Bara Julai 1998 na ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 tangu mwaka 2009. Anayeiwasilisha TRA ni mfanyabiashara aliyesajiliwa, anayeibeba ni mlaji. Katika bidhaa ya shilingi 11,800 iliyotozwa VAT, shilingi 1,800 ni kodi. Vyakula visivyosindikwa kama mahindi na maharage vimesamehewa, lakini sabuni na sukari hazikusamehewa. Kaya maskini isiyolipa hata senti ya kodi ya mapato inachangia hazina kila inapofua nguo.

Mafuta ya taa yanatoa mfano mwingine. Mwaka 2011 ushuru wake ulipandishwa sana ili usogee karibu na ule wa dizeli, kwa sababu wachakachuaji walikuwa wakichanganya mafuta ya taa yaliyokuwa rahisi na dizeli na kupata faida ya tofauti ya kodi. Lengo lilifikiwa kwa kiasi kikubwa, uagizaji wa mafuta ya taa ukashuka. Lakini kaya za kipato cha chini zilizokuwa zikiyatumia kwa koroboi na jiko la utambi zilipata mzigo ambao haukukusudiwa kwao. Nyingi zilihamia kwenye mkaa kwa kupikia na tochi za betri kwa mwanga. Aliyekuwa na mzigo wa tochi alineemeka.

Mwenye duka na ngazi za kodi ya makadirio

Mwenye duka ni kaya pia, na kodi yake humfundisha tabia. Chini ya viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi ya mapato. Mauzo yakiwa zaidi ya milioni 4 hadi milioni 7, asiye na kumbukumbu za hesabu hulipa shilingi 100,000, na mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na milioni 11, asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 250,000, na mwenye kumbukumbu hulipa shilingi 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7.

Tofauti yake si ndogo. Mwenye genge la mauzo ya milioni 5 kwa mwaka akiwa na daftari lililoandikwa vizuri hulipa shilingi 30,000. Jirani yake asiye na daftari, mwenye mauzo yale yale, hulipa shilingi 100,000. Kwa mauzo ya milioni 9, mwenye daftari hulipa shilingi 150,000 na asiye nalo shilingi 250,000. Daftari la shilingi elfu chache linaokoa shilingi 70,000 hadi 100,000 kwa mwaka.

Pamoja na hayo wengi hawaweki kumbukumbu. Sababu mojawapo ni woga: wanaamini kuwa anayeonyesha mauzo yake leo atakadiriwa zaidi kesho. Sababu nyingine ipo kwenye jedwali lenyewe. Asiye na kumbukumbu, mauzo yake yakipita milioni 7 kwa shilingi chache tu, kodi huruka kutoka 100,000 hadi 250,000. Mtu aliye karibu na mstari huo hushawishika kubaki mdogo kwenye karatasi, ama kwa kuficha mauzo ama kwa kufungua biashara ya pili kwa jina la mke au kaka. Mwenye kumbukumbu haoni mruko huo. Kodi yake hupanda polepole.

Mstari mwingine ni wa usajili wa VAT, uliopandishwa kutoka mauzo ya shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka kuanzia Julai 2023. Wenye maduka waliokuwa wamejibana chini ya milioni 100 walipata nafasi ya kupumua.

TASAF: fedha kidogo, mwenendo mpya

Upande wa pili wa mizani ni fedha zinazorudi kwa kaya. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulio chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulizinduliwa mwaka 2012 na kufikia miaka michache baadaye ulikuwa na kaya zaidi ya milioni moja. Katika awamu hiyo kila kaya ilipangiwa ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, na nyongeza kwa ajili ya watoto na kwa kutimiza masharti ya kliniki na shule. Kiwango cha juu kilikuwa shilingi 38,000 kwa mwezi kwa kaya nzima, zikilipwa kila baada ya miezi miwili. Waliofanya kazi za ajira za muda walilipwa shilingi 2,300 kwa siku, kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka, yaani shilingi 138,000 zaidi.

Kiasi hicho kipimwe na mahitaji. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi, na ukakuta asilimia 26.4 ya wananchi wa Tanzania Bara wako chini yake. Ruzuku ya juu kabisa ya kaya nzima haikufikia mahitaji ya mtu mmoja. Dai kwamba fedha hizo zinawafanya watu waache kulima na kukaa barazani haliwezi kusimama mbele ya hesabu hiyo.

Utafiti nao unaelekea huko huko. Kabla mpango haujapanuliwa, TASAF iliendesha jaribio katika vijiji 80 vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Nusu ya vijiji vilichaguliwa kwa bahati nasibu kuanza kupokea fedha mwaka 2010, na nusu vikasubiri ili kulinganishwa. Tathmini ilionyesha kuwa kaya zilizopokea zilijiunga zaidi na bima ya mfuko wa afya ya jamii, watoto wao wakawa na afya bora na kuvaa viatu zaidi, na kaya zikaongeza mifugo, hasa kuku. Kuku wa familia maskini ni benki: hutaga, huuzwa mtoto akiugua, na hauhitaji muamala.

Kuhusu hofu kwamba fedha huishia kwenye pombe, David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya mwaka 2014 tafiti kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Kwa ujumla hawakuona ongezeko la matumizi ya pombe na tumbaku kwa wanaopokea ruzuku.

Lakini si kila mwenendo unaotokana na msaada ni mzuri. Kaya inayojua kuwa itaondolewa kwenye orodha ikionekana imepata nafuu inaweza kuogopa kuezeka bati au kuandikisha biashara yake. Hofu hiyo ni ndugu ya hofu ya mwenye duka anayekwepa kuvuka milioni 7. Katika hali zote mbili mstari mkali humwambia mtu maskini kwamba kukua kuna adhabu.

Fedha za jirani humfikia mwenye duka

Kwa wafanyabiashara, swali kubwa ni fedha hizo zinakwenda wapi baada ya kupokelewa. Jibu lililopimwa vizuri zaidi katika eneo hili linatoka kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya. Huko shirika la hiari la GiveDirectly lilitoa takriban dola 1,000 kwa kila kaya kwa kaya zaidi ya 10,500 katika eneo la vijiji 653. Watafiti waliofuatilia, akiwemo Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha matokeo mwaka 2022. Walikadiria kuwa kila dola iliyotolewa iliongeza shughuli za uchumi wa eneo hilo kwa karibu dola 2.5. Mauzo ya biashara za karibu yalipanda, na hata kaya ambazo hazikupewa kitu ziliongeza matumizi yao. Bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu.

Sababu ya bei kutulia inaeleweka na kila mwenye kioski. Duka la kijijini, kinu cha kusaga au fundi wa kushona mara nyingi ana nafasi ya kuhudumia wateja zaidi bila gharama kubwa mpya. Wateja wakiongezeka, hufanya kazi muda mrefu zaidi badala ya kupandisha bei.

Zanzibar nayo ilianzisha Aprili 2016 pensheni jamii kwa kila mzee aliyefikisha umri wa miaka 70, ilipoanza ikiwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwa kuwa haiulizi kama mzee ni maskini au alichangia mfuko wowote, haina mstari wa kuogopa kuvuka. Mzee akifuga mbuzi zaidi hapotezi chochote.

Ruzuku ya mbolea iliyozinduliwa Agosti 2022 ilifanya kazi kwa njia nyingine: mfuko wa kilo 50 wa DAP uliokuwa ukiuzwa kwa zaidi ya shilingi 120,000 uliuzwa kwa shilingi 70,000 kwa mkulima aliyejiandikisha. Hapa mkulima hakupewa fedha mkononi, lakini shilingi elfu hamsini na zaidi zilibaki kwake msimu wa kupanda, wakati kaya nyingi za vijijini hazina kitu.

Ya kuangaliwa sokoni

Kwa msomaji mwenye duka, wakala au mwekezaji mdogo, mambo machache yanafaa kufuatiliwa kila mwaka.

Kwanza, Juni na Julai. Hotuba ya bajeti husomwa Juni na sehemu kubwa ya viwango huanza Julai 1. Kinachotakiwa kusomwa si kichwa cha habari bali kiasi kinachobaki mkononi. Nyongeza ya mshahara ya asilimia 35 ilikuwa karibu asilimia 33 baada ya makato.

Pili, aina ya kodi. Kodi juu ya kipato hupunguza manunuzi polepole. Kodi juu ya muamala hubadilisha njia ya kulipa mara moja, na aliyejiandaa kupokea kwa njia zote, taslimu, simu na benki, hapotezi wateja.

Tatu, siku za malipo. Katika vijiji vya mpango wa TASAF, gulio linaloangukia wiki ya malipo huwa na wateja wa aina nyingine: wanaotafuta sare za shule, viatu vya watoto, vifaranga na bati mojamoja. Mzigo wa bidhaa za kifahari haufai siku hiyo.

Nne, daftari. Katika mambo yote yaliyotajwa hapa, ni hili moja tu ambalo mfanyabiashara mdogo anaweza kuliamua mwenyewe bila kusubiri Bunge. Kwa jedwali la makadirio lilivyo, anayeandika mauzo yake kila jioni anajipunguzia kodi kwa njia halali, na siku anapokwenda kuomba mkopo ana kitu cha kuweka mezani.